Shemeji, kuni hazikauki kwa marejesho ya wiki

Shemeji,

Huku tuko salama, baridi tu ndiyo imeanza kututafuta. Kaka yako ameniambia ukishapata mafao yako hutaki tena kuajiriwa, unataka uhame Dar uje Arusha uuze kuni kama mimi. Halafu akapunguza sauti akaongeza kwamba mafao hayatatosha, kwa hiyo utajazia na mkopo wa marejesho ya kila wiki. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu si wewe peke yako unayeniuliza, na vidole vimechoka kuandika yaleyale kwenye WhatsApp.

Kuja, njoo. Mkopo huo uache hukohuko.

Sina ugomvi na mikopo. Mwenye duka la vinywaji anaweza kukopa Jumatatu, akauza, akarejesha Jumatatu inayofuata. Kuni nzuri haziko hivyo. Mkaratusi uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ninazouza mimi zina maji yasiyozidi asilimia 20. Sasa piga hesabu: tani moja ikitoka huko hadi hapo, zinabaki kilo 625. Kilo 375 zimeondoka na upepo, sawa na ndoo 18 na ushee za lita 20. Kwa kila tani! Na uani kwangu hakuna mtambo wa kukaushia. Ni upepo wa Meru na jua la Januari na Februari.

Kwa hiyo mwaka wangu uko hivi. Nanunua miti Juni hadi Agosti, masika yameisha na magari yanafika mashambani bila kukwama. Inapasuliwa na kupangwa palepale. Inapita vuli, inapata kiangazi, masika yanaikuta iko chini ya bati, na Juni inayofuata ndipo naanza kuigusa. Wakati huo baridi imerudi, watalii wamejaa, na kila hoteli inataka moto jioni. Ukiingia bandani kwangu Machi utaona hela nyingi zimepangwa hadi kwenye kenchi, na hakuna hata moja inayoweza kulipa ada ya mtoto.

Tuseme umekopa milioni 5, riba asilimia 3 kwa mwezi juu ya mkopo wote, mwaka mmoja. Utarudisha milioni 6.8, karibu shilingi 131,000 kila wiki, kuanzia wiki ijayo. Utazitoa wapi? Miezi ya mwanzo utakula mafao. Yakikata, afisa mikopo ameketi sebuleni na daftari lake, utatazama rundo lako na kusema hizi za juu mbona zimeshakauka kidogo. Utauza. Mteja atawasha, moshi utajaa nyumba, na hatakupigia simu kulalamika. Atanunua kwingine tu. Watu wanaogopa mikopo ya kausha damu kwa sababu ya riba, lakini katika biashara hii hata mkopo wa riba ndogo utakuumiza, maana ratiba yake itakulazimisha kuuza kuni mbichi, na ukiuza mbichi huna tofauti na fungu la pale barabarani isipokuwa bei yako ya juu.

Bora uanze na mzigo mdogo wa hela yako mwenyewe, uutazame mwaka mzima ukiwa unafanya kazi nyingine ya kukuingizia ugali. Mimi nilikuwa nafuga kuku. Harufu kaka yako anaikumbuka.

Sasa kuhusu kuni zenyewe, maana najua utajifanya mjuzi kwa kuwa mlipikia kuni kijijini. Mkaratusi upasue ungali mbichi. Nyuzi zake zimejisokota, na ukiuacha mzima hadi ukauke, kabari na nyundo vitakuchekea. Mgrevilea, ule wa kivuli cha kahawa na mipaka ya mashamba, unapasuka kwa urahisi na kukauka mapema, ila ni mwepesi na huungua haraka. Huo ndio wa kuanzishia moto kisha mkaratusi unaendeleza. Muwati ni kuni ya kifalme, mzito na makaa yake yanakaa, lakini kuufuata kwenye mashamba makubwa ya Njombe nauli inakula faida yote. Nikipata wa jirani nachukua. Msindano una utomvu, unarusha cheche, na kwenye oveni ya piza usiupeleke kabisa. Ajabu ni kwamba mkaratusi, mgrevilea na muwati, yote mitatu asili yake ni Australia. Miti ya asili ya kwetu siigusi, hata akija mtu na mgunga mkavu wa bei ya bure usiku. Hasa akija usiku.

Kupanga ndiko kunakotenganisha kuni na takataka. Usiweke chini kwenye udongo, mchwa watakushukuru. Weka juu ya paleti, acha nafasi kati ya mstari na mstari, upana wa rundo uelekee upepo unakotokea. Funika juu tu. Watu wanapenda kuvisha rundo zima turubai kama bibi harusi, kisha wanashangaa kufunua wakakuta ukungu. Na vaa glavu, nyoka nao wanapenda mahali pakavu.

Kipima unyevu utanunua. Ni kidude chenye pini mbili, si ghali. Usikichome kwenye ncha ya gogo, kwa kuwa ncha hukauka kwanza na itakudanganya. Pasua kipande, pima katikati ya uso mpya. Na soma maelezo yake, maana vingi vinahesabu maji dhidi ya uzito wa mti mkavu mtupu. Kikikuonyesha 25, kwa hesabu ya uzito wote wa kuni ni 20. Kuna mpishi mmoja, mzungu, tuligombana naye mlangoni kila mtu na kipimo chake, kumbe wote tulikuwa sahihi.

Bei je? Usiuze kwa kilo. Ukiuza kwa kilo, kuni yenye maji inakulipa zaidi kuliko iliyokauka, na hiyo ni sawa na kuongeza maji kwenye maziwa. Uza kwa ujazo, mita moja kwa moja kwa moja, zikiwa zimepangwa, na mteja aone zikipangwa. Zilizorushwa tu kwenye gari zinaonekana nyingi kwa sababu nafasi kubwa ni hewa. Kirikuu kikijazwa hivyo kinapendeza machoni, ila zikishapangwa stoo mteja anajua umemfanyia nini.

Na kuzipanga stoo kwake ndiko anakolipia, usisahau. Kuni kavu anaweza kuzipata kwa bahati. Kijana anayefika saa aliyosema, anayesalimia mlinzi, anayepanga vizuri na kufagia maganda kabla ya kuondoka, huyo ni adimu. Mimi namlipa dereva wangu kuliko wenzake wa mjini na sijutii. Karatu ni zaidi ya kilomita 130, kwa hiyo usipeleke gari kwa oda moja. Kusanya tatu, hata ukimsubirisha mtu siku mbili, mwambie ukweli. Hoteli kubwa watataka risiti ya EFD, na watakulipa baada ya mwezi, wengine miwili. Hiyo nayo iweke kwenye hesabu yako ya mkopo, uone kama bado unaupenda.

Makaratasi sitakuchosha nayo. Leseni, TIN, barua ya kijiji ulikonunua miti, kibali na hati ya kusafirisha mazao ya misitu ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu. Nenda kwa afisa misitu wa wilaya kabla ya kununua, si baada ya gari kusimamishwa kwenye kizuizi.

Kaka yako anasema ulimuuliza kwa nini niko kwenye kuni wakati Serikali yote inaimba nishati safi. Swali zuri, na ndilo linalonifanya nikuzuie usifuate soko usilolijua. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziliambiwa ziache kuni na mkaa mwisho wa Januari 2024, zenye zaidi ya 300 mwisho wa Januari 2025. Mpango wa Taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Kama ulikuwa unapanga kupeleka Fuso za kuni kwenye shule, hilo soko linafungwa, na mimi nafurahi lifungwe. Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mama yenu anakohoa kwa sababu gani, unadhani? Nyumbani kwangu tunapikia gesi.

Wateja wangu ni wenye meko ya sebuleni kule Njiro na Usa River, hoteli zinazowasha moto jioni wageni wazunguke, na wenye oveni za piza. Ni anasa, na sioni aibu kuiita hivyo. Wangewasha tu hata bila mimi. Tofauti ni kwamba kuni mbichi moto wake unapoa kwa kuchemsha maji yaliyo ndani, moshi unakuwa mzito, na masizi ya kunata yanaganda kwenye dohani hadi siku moja yenyewe yanashika moto. Lakini soko la anasa ni dogo. Watu walipofungiwa safari mwaka 2020, hoteli zilinyamaza kabisa, na kuni zangu zilikaa zikazidi kukauka. Sikuwa na deni, ndiyo maana nilingoja.

Basi fanya hivi. Njoo Julai kabla hujasaini chochote, ulale kwetu wiki mbili, upasue mkaratusi na vijana uone kama mgongo unakubali. Kuna mzee huko juu Poli anataka kupunguza migrevilea kwenye kahawa yake. Tukikubaliana naye, ule mzigo utakuwa wako, utaulipa kwa mafao, na utaupanga kwenye ile kona ya banda iliyo wazi. Kodi ya kona hiyo sitaki hadi uuze. Paleti zitafute hukohuko bandarini, huku zina bei. Turubai usinunue, mabati ya zamani yapo nyuma ya banda la kuku, kaka yako ameahidi kuyapigilia tangu Pasaka.