Asante dada wa koti jekundu, Westminster

Dada jina sikukuuliza maana nlikuwa nishapagawa. Tumetoka Lamu mie na mamangu kuja London kumuona kaka, miaka 11 hatujaonana, tumemaliza kupiga picha Big Ben tukashuka kwa treni za chini ya ardhi, mie ndani milango ikafunga mama kabaki nje! Nikashukia Embankment nikageuza, roho mkononi. Kumbe wewe umemsikia akisema "yallah mwanangu" ukamjibu Kiswahili, ukamkalisha kwa benchi, na ile halua ya kaka nimewakuta mshaifungua mnaila (kaka bado analalama). Mama akuulizia kila siku. Ukija Lamu shukia jetini, tuko nyuma ya uwanja wa Mkunguni, biriani ya kamba yakungoja.