Mama, hivi ndivyo wanavyowakumbuka askari wao huku Dallas

Shikamoo Mama, shikamoo Baba mdogo, na wadogo zangu wote hamjambo hapo nyumbani. Mimi mzima, kazi zinaenda, joto la Texas ndio limeanza. Dada naomba umsomee Mama hii meseji taratibu, ni ndefu na najua simu yake maandishi yanamsumbua.

Mama juzi kwenye simu uliniuliza huku askari akifia kazini wanamfanyiaje, na mimi nilikuwa naingia zamu sikukujibu vizuri. Najua kwa nini unauliza. Kitinda mimba wetu yuko depo ya polisi Moshi, siku sio nyingi atamaliza mafunzo watampangia kituo, na wewe toka aondoke usingizi umekuwa wa shida. Leo niko off, nimekaa naandika yote ninayoyajua.

Kwanza huu mwezi wa tano ndio mwezi wao. Tarehe 15 Mei Marekani nzima ni siku ya kuwakumbuka askari waliofia kazini, bendera zinashushwa nusu mlingoti, na wiki yote inayozunguka hiyo tarehe ni wiki ya polisi, sheria yake aliisaini Rais Kennedy mwaka 1962. Kule Washington kuna mnara wao uliozinduliwa 1991, kuta za mawe zina majina zaidi ya 24,000 na kila mwaka wanaongeza mengine, halafu usiku wa tarehe 13 watu wanawasha mishumaa majina mapya yanasomwa moja moja. Na wengi wao sio wa serikali kuu Mama, ni askari wa miji na kaunti, maana huku miji mingi ina polisi wake, hata kamji kadogo unakuta kana askari wake wachache ambao watu wanawajua kwa sura na watoto wao wanasoma shule moja na watoto wa wenyeji. Kwa hiyo akifa mmoja mji mzima unajua nani amekufa.

Baba mdogo wewe unapenda historia, hii ni yako. Kennedy huyo huyo aliyesaini ile sheria aliuawa hapa hapa Dallas tarehe 22 Novemba 1963, hilo dunia nzima inalijua. Ila kama robo tatu ya saa baada ya rais kupigwa risasi, kuna askari wa doria anaitwa J.D. Tippit alikuwa peke yake kwenye gari mtaa wa Oak Cliff, akamuona mtu anatembea kwa miguu anafanana na yule waliyekuwa wametangaziwa kwenye redio kol, akasimamisha gari, akashuka, akapigwa risasi pale pale barabarani. Yule mtu ndiye Lee Harvey Oswald, anayetajwa kumuua rais, wakamkamata muda mfupi baadaye ndani ya jumba la sinema. Tippit alikuwa na miaka 39, mke na watoto watatu. Akazikwa tarehe 25, siku ile ile anayozikwa rais, sasa fikiria yule mama mjane siku hiyo, dunia nzima inalia kwa sababu ya mwingine. Lakini Wamarekani hawakumsahau, walichanga barua kwa barua mpaka zikapita dola laki sita kwa ajili yake na watoto, na hiyo ni hela ya 1963! Pale alipoanguka, kona ya Tenth na Patton, siku hizi kuna kibao cha kumbukumbu, kiliwekwa 2012. Nilipita pale na jamaa yangu wa kazini, ni mtaa wa kawaida kabisa wa nyumba za kawaida, watu wanapita na shughuli zao, ila nilisimama nikasoma mpaka mwisho.

Sasa nije kwenye lile ambalo watu wa hapa wakiliongea mpaka leo sauti inabadilika. Tarehe 7 Julai 2016. Wiki hiyo polisi wa miji mingine walikuwa wamewaua kwa risasi wanaume wawili weusi, Alton Sterling kule Baton Rouge na Philando Castile kule Minnesota, watu wakakasirika na walikuwa na haki ya kukasirika, mimi mwenyewe ni mtu mweusi naishi hapa nalijua hilo Mama sihitaji kuambiwa. Watu mamia wakaandamana katikati ya jiji la Dallas kupinga polisi, na waliokuwa wanawalinda waandamanaji ni polisi hao hao, wanatembea nao, wengine wanapiga nao picha. Maandamano yanaelekea kuisha, kama saa tatu kasoro usiku, mtu mmoja mwenye silaha ya kivita akaanza kuwalenga askari. Watu wakakimbia huku, askari wakakimbilia kule risasi zinakotoka. Kuna mama alikuja na wanawe akapigwa risasi ya mguu akalala juu ya mwanae kumfunika, askari wakamrukia wakamfunika yeye na miili yao, na huyo mama alikuja pale kuandamana dhidi ya polisi. Hapo ndipo mimi huwa naishiwa maneno.

Walikufa watano, na askari wengine 9 wakajeruhiwa pamoja na raia wawili. Nawaandikieni majina yao kwa sababu huku wanasema jina lazima litajwe: Brent Thompson, Patrick Zamarripa, Michael Krol, Lorne Ahrens na Michael Smith. Thompson alikuwa polisi wa shirika la mabasi na treni za jiji, DART, alikuwa amefunga ndoa wiki mbili tu kabla na askari mwenzake, na ndiye wa kwanza wa kikosi kile kufia kazini toka kianzishwe 1989. Zamarripa alikuwa jeshi la majini, alipelekwa Iraq akarudi mzima, akaja kufia nyumbani kwao Texas na ameacha binti mdogo wa miaka miwili. Krol ametoka mbali Michigan, alikuwa askari wa gerezani kule, akahamia Dallas kwa sababu alitaka tu kuwa polisi. Ahrens mke wake naye alikuwa mpelelezi wa polisi hapa hapa. Smith alikuwa na miaka 55, sajini, kwenye kazi toka mwisho wa miaka ya themanini.

Kesho yake wakaweka magari mawili ya doria mbele ya makao makuu ya polisi, watu wakaanza kuleta maua, barua za watoto, midoli, bendera, mpaka magari yenyewe hayaonekani. Weusi weupe Wamexico kila mtu, wanakumbatiana na askari wasiowajua. Ibada ya pamoja ikafanyika tarehe 12 kwenye ukumbi mkubwa wa muziki, Rais Obama alikuja, Bush naye alikuwepo, na ndani wakaacha viti vitano vitupu, kila kiti kina kofia ya askari na bendera iliyokunjwa. Mkuu wa polisi wakati ule alikuwa mtu mweusi, David Brown, akawaambia waandamanaji waziwazi kwamba tunaajiri, tokeni kwenye mstari wa maandamano mje mjaze fomu, tutawapanga kwenye mitaa yenu wenyewe. Na watu walijaza Mama! Siku zile maombi ya kazi yalizidi mara tatu ya yale yaliyokuwa yanakuja kabla.

Kuna sehemu nataka siku ukija nikupeleke. Karibu na ofisi za jiji kuna kumbukumbu ya polisi wa Dallas, wala haina sanamu, ni kama paa refu la chuma linalong'aa limesimama juu ya nguzo, na kwenye lile chuma wametoboa namba za beji za askari waliofariki. Jua likipiga zile namba zinaandikwa chini kwenye sakafu kwa mwanga, na jua linavyosogea nazo zinasogea. Nilienda mchana kwenye lunch, kuna mzee alikuwa amekaa pembeni na kofia mkononi anasubiri, sikumuuliza anasubiri nini, baadaye nikaona namba imefika pale miguuni kwake akainama akaigusa. Mimi nilirudi kazini nimechelewa na wala sikujali.

Kingine nilichokiona kwenye mazishi yao, nimeona kwenye TV, mwishoni kabisa mtu wa redio kol anaita namba ya marehemu kama vile anamuita kazini. Anaita, kimya. Anaita tena, kimya. Halafu anatangaza kwamba zamu yake imekwisha, wenzake waendelee na lindo. Maaskari wakubwa wenye miili yao pale wanalia kama watoto.

Lakini Mama wewe najua utasema maua na redio havilishi watoto, na ni kweli. Huku kuna sheria toka 1976 kwamba familia ya askari aliyefia kazini inalipwa na serikali kuu, haijalishi alikuwa wa mji gani, na hapa Texas mtoto wake anaweza kusamehewa ada ya chuo cha serikali. Halafu kuna umoja wa familia zenyewe ulioanza 1984, wajane na wazazi wanaopitia jambo hilo hilo, mjane wa zamani anaenda kukaa na mjane mpya. Hiyo ya mwisho mimi naona ndiyo kubwa kuliko zote, na hiyo haihitaji bajeti ya serikali.

Maana na sisi tunao wa kwetu. Baba mdogo unakumbuka Kamanda Barlow, RPC yaani mkuu wa polisi wa mkoa wa Mwanza, alivyouawa usiku Oktoba 2012, mkoa mzima ulivyonyamaza. Stakishari pale Dar, Julai 2015, majambazi wakavamia kituo cha polisi wakaua watu, wanne wao askari. Kibiti tarehe 13 Aprili 2017, askari 8 kwenye gari moja wametoka kubadilisha lindo, jioni wanarudi kambini, wakashambuliwa pale Mkengeni. Nane Mama, kwa wakati mmoja, kila mmoja ana mama yake. Na Agosti 2021 pale Dar karibu na ubalozi wa Ufaransa, askari watatu na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi, mchana kweupe. Tunayo Siku ya Mashujaa tarehe 25 Julai, mashada yanawekwa, ni vizuri. Ila leo hii simama stendi umuulize mtu akutajie jina la mmoja tu wa wale 8 wa Kibiti. Ataitaja Kibiti, majina hana. Najua watu wana malalamiko yao na polisi, za barabarani, za kituoni, na mengine ni ya kweli kabisa, lakini yule aliyekufa akitoka lindo hakufa kwa sababu ya rushwa ya mtu mwingine, alikufa amevaa nguo yetu.

Ndio maana nina ombi, na hili ndilo hasa limenifanya niandike. Yule mama jirani wa nyuma yetu, mke wa marehemu afande, ambaye gari lao la doria lilipinduka usiku wakifukuzana na majambazi. Siku ya msiba mtaa ulijaa, maturubai mpaka barabarani, arobaini ikaisha na watu wakaisha. Ana wale watoto watatu na genge lake la nyanya. Baba mdogo naomba wewe kama mwanaume mzima wa hapo upite kwake Jumapili baada ya kanisa, ukae, umuulize habari ya mume wake, mwache aongee, usibadilishe mada. Watu wanaogopa kumtaja marehemu wakidhani wanamuumiza, kumbe huku nimesikia wajane wenyewe wakisema kinachouma ni pale hakuna anayemtaja tena. Na yule mtoto mkubwa mwambie baba yako alikuwa askari wa kweli, asikie kwa mtu mzima.

Mama wewe nakuomba umuite aje akae na wewe jioni jioni. Hofu yako ya kitinda mimba hakuna wa kuielewa kama yeye, alishaijua miaka yote mume wake akiwa hai. Na kitinda mimba akipigiwa simu msimlilie, mwambieni tunajivunia, mwambieni avae vizuri, asipande gari la kazi bila kufunga mkanda, na akipangwa mbali apige simu akitoka zamu hata kama ni usiku wa manane.

Dada nimetuma hela leo kwa M-Pesa kwenye namba yako. Laki moja ni dawa za Mama, elfu themanini ni ya sare na madaftari ya wale watoto wa afande, mpe mama yao mkononi usimpe mtu mwingine ampelekee, na elfu ishirini nunua sukari na unga wa ngano Baba mdogo asiende mikono mitupu. Ikifika nitumie meseji. Mwanenu, Dallas.