Sura za uzi zinaharibikia mbele ya kamera

Ndugu Mhariri,

Sura ya mtu iliyotariziwa kwa uzi inapochapishwa gazetini, mara nyingi msomaji huletewa maiti yake. Mpigapicha amesimama wima mbele ya kazi, amewasha flashi, na mwanga huo umelaza kila mshono kama pasi. Chini ya picha pameandikwa "mchoro wa uzi", basi. Msomaji husema kweli sura imefanana na mwenyewe, kisha hufungua ukurasa wa michezo bila kujua kama kazi ile ina ukubwa wa kiganja au wa mlango. Sisi tunaotarizi sura hatuwezi kuikwepa lawama hiyo, kwa kuwa wengi wetu ndio tunaowatumia wahariri picha hizo, tukidhani kazi ilikwisha siku uzi wa mwisho ulipokatwa.

Kinachopotea ni mwelekeo wa mishono. Uzi wa pamba uliong'arishwa, na hariri zaidi yake, hurudisha mwanga kwa kufuata upande uliolalia. Chukua rangi moja, shona mshono mmoja wa wima na mwingine wa mlalo, na jicho litaona rangi mbili. Mchoraji akitaka shavu liumuke huchanganya rangi; mtarizi anaweza kugeuza sindano tu. Watarizi wa Uingereza walilijua hilo katika karne ya 13 na 14. Kwenye kazi zao za kanisani, ambazo baadhi yake, likiwamo joho la kasisi liitwalo joho la Syon, zimo katika makumbusho ya Victoria and Albert Museum jijini London, mashavu ya watakatifu yalishonwa kwa hariri kwa mshono wa kupasua, ukizunguka kama gamba la konokono. Rangi haibadiliki, lakini shavu limejaa. Ukilipiga flashi ya moja kwa moja, duara lile halionekani tena.

Inafaa wapigapicha waelewe shavu hujengwaje, ili wajue wanatafuta nini. Uzi wa kawaida wa kutarizi huuzwa ukiwa na nyuzi sita nyembamba ndani yake, zinazotenganishwa kabla ya kushona. Usoni hutumika mmoja tu, kwa sindano namba 10 (kadiri namba inavyopanda ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba). Nywele huchukua mbili au tatu, nguo hata zote sita. Uzi hukatwa kiasi cha sentimita 45. Mrefu kuliko hapo huchakaa kwa kupita tunduni mara nyingi, ukapoteza mng'ao kabla haujaisha. Shavu hujazwa kwa mishono mirefu na mifupi inayopokezana: tuseme milimita 8, kisha 5, kisha 8. Safu ya pili haianzii pale ya kwanza ilipoishia. Sindano huingia ndani ya mshono uliotangulia na kuupasua, ili rangi ya pili ichipuke kutoka ndani ya ya kwanza. Anayetoboa pembeni ya mshono badala ya kuupasua hubaki na mfereji kati ya safu na safu, na shavu likawa na matabaka kama ubao wa msumeno. Mishono yenyewe hufuata nyama: hushuka kwenye mgongo wa pua, hukunja kuelekea shavuni kwenye ubavu wa pua, huzunguka tundu la jicho. Anayejaza uso mzima kwa mishono ya wima hupata sura ya mtu aliyenyeshewa.

Jicho ndilo huangusha wengi. Uso wa upana wa sentimita 10 una jicho la takribani sentimita 2, na nuru ndani ya jicho hilo ni mshono mmoja wa milimita moja. Ukihama milimita moja kwenye jicho moja, mtu anakuwa makengeza. Ndiyo sababu nuru huwekwa mwisho kabisa, macho yote mawili kwa mkao mmoja. Na weupe wa jicho usiwe mweupe! Kijivu hafifu au buluu iliyopauka hutosha. Uzi mweupe kabisa humfanya mtu aonekane ameshtuka.

Ngozi nyeusi huumizwa mara mbili, na sindano kisha na kamera. Kwa sindano, kosa ni kununua kahawia tatu na nyeusi moja, kisha kujaza vivuli kwa ile nyeusi. Uso unakuwa kinyago cha udongo. Kivuli cha ngozi nyeusi kina zambarau iliyoiva, buluu ya usiku, wakati mwingine kijani. Masikio na kingo za pua zina wekundu. Paji la uso lililopigwa na mwanga linaweza kuwa na buluu iliyopauka kuliko kahawia yoyote dukani. Rangi nane hadi kumi na mbili si nyingi kwa uso mmoja, na nyeusi tupu iachiwe mboni na matundu ya pua. Kuna njia rahisi ya kujipima kabla ya kushona: panga nyuzi zote mezani kuanzia nyeupe kuelekea nyeusi, zipige picha kwa simu, kisha iondoe rangi picha hiyo ibaki kijivu. Uzi uliokaa pasipo pake hujitokeza palepale. Wekundu ndio hudanganya sana, kwa sababu jicho huuona unawaka kumbe giza lake ni sawa na la kahawia iliyokolea.

Kamera nayo ina udanganyifu wake. Sura nyingi hushonwa kwenye kitani cheupe au cha rangi ya maziwa, na kitambaa hubaki wazi pembeni. Kamera ikiachiwa ijipimie mwanga, huona weupe mwingi, hudhani pana mwanga wa kupita kiasi, na hupunguza. Kitambaa kinatoka kijivu, na uso mweusi uliobeba rangi kumi unatoka doa. Mtarizi ameshinda wiki kadhaa akitenganisha zambarau na kahawia, kamera imezirudisha pamoja kwa sekunde moja. Dawa yake ni kupimia mwanga usoni, au kuweka karatasi ya kijivu mbele ya kazi na kupimia hapo, hata kama kitambaa kitakaribia kuungua kwa weupe. Msomaji atakisamehe kitambaa.

Kazi isimamishwe wima, kamera iwe kwenye stendi ya miguu mitatu katika urefu wa katikati ya sura, lenzi ikitazama kitambaa bila kuinama. Ikiinama kidogo tu, kidevu huongezeka. Mpigapicha arudi nyuma na kuvuta kwa lenzi, asisogee karibu na lenzi pana inayokuza pua. Flashi izimwe. Mwanga wa dirisha siku ya mawingu unatosha, ukitoka ubavuni kwa mteremko wa kiasi cha digrii 30 juu ya kitambaa, na karatasi nyeupe isimamishwe upande wa pili irudishe kidogo ili vivuli visiwe mashimo. Mwanga ukilala zaidi ya hapo, kila kikunjo cha kitambaa huonekana kama mlima, na hapo mtarizi aliyeshona uzi ukiwa umekazwa mno ataumbuka: uso utakuwa umejikunyata pembeni mwa mishono. Kosa hilo halirekebishiki kwa pasi. Huzuiwa mwanzoni, kwa kitambaa kilichofuliwa na kusinyaa kabla ya kazi, kikavutwa kwenye fremu hadi kilie kama ngoma kikigongwa kwa kidole, na uzi ukavutwa mpaka uguse kitambaa tu.

Kisha kuna mawimbi. Kitambaa kina gridi yake ya nyuzi, kamera ina gridi yake ya pikseli, na gazeti lina gridi ya nukta za wino. Gridi hizo zikikaribiana ukubwa, picha huota mistari ya mawimbi ambayo haipo kwenye kazi. Mara nyingi mpangaji wa ukurasa huongeza ukali wa picha akidhani imefifia, na mawimbi yanazidi. Ni bora kupiga tena ukiwa umesogea hatua moja nyuma au mbele, au kulainisha kitambaa kidogo kwenye programu kabla ya kupunguza ukubwa. Faili yenye pikseli 3000 upande mrefu huchapika sentimita 25 kwa nukta 300 kwa inchi. Iliyopitishwa kwenye programu za kutumiana ujumbe hufika imekamuliwa. Itumwe kwa baruapepe, faili yenyewe.

Kwa wanaoandaa maonyesho tuna neno fupi. Makavazi mengi hushusha mwanga juu ya nguo na nyuzi hadi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), na wageni hulalamika kwamba ni giza. Hesabu ni hii: luksi 50 kwa saa 8 kwa siku 90 ni saa-luksi 36,000. Jua la adhuhuri hufikia luksi 100,000, kwa hiyo kazi iliyoegemezwa nje "kidogo tu, ipigwe picha" humaliza mgawo huo wa miezi mitatu kwa dakika zipatazo 22, bila kuhesabu miale ya urujuanimno. Rangi za ngozi hazififii kwa pamoja; waridi na zambarau zikitangulia, uso hubaki na kahawia peke yake na huonekana mgonjwa. Kioo kiwekwe, lakini kisiguse uzi: papachikwe kijiti cha unene wa milimita 5 au zaidi kati yao, la sivyo mishono hubanwa na jasho la kioo huleta ukungu. Kazi isionyeshwe ikiwa bado kwenye pete za mbao za kushonea, hata kama inapendeza hivyo. Mbao huacha rangi ya chai kwenye kitambaa, na skrubu hushika kutu. Gundi nayo ni adui wa polepole. Kitambaa kiachiwe sentimita 8 hadi 10 za ziada kila upande, kikunjwe nyuma ya ubao usio na asidi, na kifungwe kwa uzi imara unaovutwa kutoka ukingo hadi ukingo, kuanzia katikati. Wageni watataka kugusa, na haina haja ya kugombana nao. Weka pembeni kipande cha shavu kilichoshonwa kwa uzi uleule, wakiguse hicho.

Jambo dogo linalowaumiza hata wazoefu ni kalamu ya kuchorea rasimu. Wino unaotoka kwa maji ukipigwa pasi kabla ya kuoshwa huweza kuganda kabisa. Wino unaotoweka kwa joto haujaondoka, umejificha tu, na ubaridi wa sentigredi 10 hadi 20 chini ya sifuri huurudisha. Sasa, kazi ya sufu iliyoingiliwa na viwavi vya nondo hutibiwa kwa kufungwa kwenye plastiki na kugandishwa kwa wiki moja hadi mbili. Viwavi hufa, na mistari yote ya rasimu hufufuka usoni, pamoja na ile iliyofutwa kwa kukosewa.

Idhini tusiiache kwa mwisho kama ilivyo desturi. Mtarizi akishona kutoka kwenye picha ya kamera, hakimiliki ya picha hiyo kwa kawaida ni ya aliyeipiga, wala si ya anayeonekana ndani yake. Kwa hiyo ruhusa ni mbili: ya mpigapicha na ya mwenye sura. Kubadili wino kuwa uzi hakufuti haki ya wa kwanza. Mwezi Mei 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji saba dhidi ya wawili, iliamua upande wa mpigapicha Lynn Goldsmith, ambaye picha yake ya mwanamuziki Prince ya mwaka 1981 ilikuwa msingi wa kazi za msanii Andy Warhol. Kilichoamuliwa hasa ni kwamba kuikodisha kazi hiyo kwa jarida lililotaka sura ya Prince kulikuwa na kusudi lilelile la picha ya awali. Sheria za nchi hutofautiana, lakini gazeti ni mahali pabaya pa kwenda kuzijaribu. Karatasi mbili zenye saini, zikisema wazi kuonyesha, kuchapisha na kuuza nakala, huandikwa kabla ya uzi wa kwanza.

Ombi letu kwako ni la nafasi ndogo ukurasani. Chini ya kila sura iliyotariziwa yaandikwe jina la mtarizi, mwaka, urefu na upana kwa sentimita, aina ya kitambaa na uzi, na jina la mpigapicha ambaye picha yake ilifuatwa. Msanii wa Marekani Cayce Zavaglia ameonyesha hadharani hata migongo ya sura zake, pale mafundo na nyuzi zinazovuka hufanya uso wa pili uliovurugika. Gazeti halilazimiki kufika huko. Ila kando ya picha nzima kichapwe kipande kimoja cha shavu, sentimita 5 kwa 5 kwenye kazi, sentimita 5 kwa 5 kwenye karatasi.

Ni sisi wasomaji wako,
Watarizi wa sura