Viza ikikataliwa angalau hela irudi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kidogo kuhusu hizi ada za viza ya Schengen (ile viza moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya), maana kila zikipanda magazeti yanaandika mistari mitatu kwamba zimepanda halafu basi, yameisha, wanaolipa wanabaki kunung'unika kwenye foleni.

Mwezi wa pili 2020 ada ilitoka yuro 60 ikawa 80, tarehe 11 Juni 2024 ikapanda tena ikawa 90, na mtoto wa miaka 6 mpaka 12 analipa 45. Sheria yao inasema ada itaangaliwa kila baada ya miaka mitatu, kwa hiyo tusijidanganye kwamba 90 ndio mwisho wa reli. Kwa hela yetu hiyo ni zaidi ya laki mbili na nusu, na hapo hujagusa ada ya ile kampuni inayopokea makaratasi kwa niaba ya ubalozi (inaruhusiwa kufika hadi nusu ya ada ya viza yenyewe), hujakata bima ya safari ya yuro elfu 30, hujatafsiri vyeti. Na wale wanaokwenda nchi isiyo na ubalozi hapa Dar wengine inabidi wapande basi mpaka Nairobi wakaweke vidole.

Ila ugomvi wangu sio hiyo 90. Viza ni ya kwao, mlango ni wa kwao, wapange bei wanayotaka. Ugomvi wangu ni kwamba ukinyimwa hairudi hata senti, yaani aliyepewa viza na aliyenyimwa wote wamelipa sawasawa.

Shemeji yangu ana duka la vipuri Kariakoo, alialikwa kwenye maonyesho ya biashara huko Ulaya (nchi naihifadhi), akapeleka leseni, TIN, cheti cha BRELA, stetimenti za benki, barua ya mwaliko, buking ya hoteli, kila kitu walichotaka. Jibu likaja karatasi moja yenye viboksi, kimoja kimetikiwa, kwamba kuna mashaka kama ataondoka kabla viza yake haijaisha. Basi. Mtu ana duka, ana wake na watoto, ana mzigo bandarini unamsubiri, anaambiwa tunahisi hutarudi, na hajaambiwa kipi kwenye makaratasi yake kimewapa hizo hisia. Kwa yuro 90 jamani hata sentensi mbili za kuandika kwa mkono hazipatikani? Haki ya kukata rufaa ipo, wanakuandikia kabisa, lakini rufaa inakwenda kwa sheria za nchi ile ile iliyokunyima, sasa mfanyabiashara wa Kariakoo ataanza kutafuta wakili wa huko kwa ajili ya safari ya siku nne?

Najua jibu lao. Ada ni ya kushughulikia maombi, sio bei ya viza, afisa amekaa amesoma, mfumo wa vidole una gharama zake. Ningewaelewa kabisa kama isingekuwa Gambia. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliamua Wagambia walipe yuro 120 wakati wengine tunalipa 80, sababu serikali yao ilionekana haishirikiani kuwapokea watu wanaorudishwa kutoka Ulaya, na mwaka 2024 wakaiondoa hiyo nyongeza. Sasa niulize, karatasi za Mgambia zilikuwa nzito kuliko za kwetu? Kumbe ada inapanda na kushuka kwa siasa, tena imeandikwa kwenye sheria yao kwamba inaweza kufika hata 180, kwa hiyo hii hadithi ya gharama za ofisi wasitupe sisi.

Na kama inapanda kwa siasa basi inashuka kwa siasa pia. Raia wa Armenia na Azerbaijan wanalipa 35 tu, kwa sababu serikali zao zilikaa mezani na Ulaya zikasaini makubaliano ya kurahisisha viza. Cape Verde, Waafrika wenzetu, nao wana makubaliano yao. Sio bure lakini, tuseme ukweli, makubaliano hayo yanakwenda pamoja na mengine ya kukubali kuwapokea raia wako wanaokutwa huko bila vibali, na hilo linataka kujadiliwa wazi bungeni sio kusainiwa kimya kimya. Ila sijasikia Wizara yetu ya Mambo ya Nje hata ikisema inalifikiria.

Kuna atakayesema mbona na sisi tunawatoza. Ni kweli, Mzungu akija analipa dola 50, Mmarekani 100, na tangu Oktoba 2024 akienda Zanzibar anakata bima ya lazima dola 44, na kelele walizopiga kwa hiyo bima tulizisikia. Lakini huyo huyo anaweza kutua uwanja wa ndege bila viza akalipia palepale na kugongewa muhuri, hakuna anayemuuliza stetimenti ya benki wala hati ya nyumba ya Munich. Akilipa anaingia. Sisi tunalipa halafu tunasubiri majibu, hapo ndipo tunapotofautiana.

Sasa ombi langu kwenu mhariri, wala sio gumu. Tume ya Ulaya kila mwaka inatoa takwimu za viza onlaini, ubalozi kwa ubalozi, waombaji wangapi na waliokataliwa wangapi. Kwa dunia nzima mwaka 2024 maombi yalikuwa zaidi ya milioni 11.7 na waliokataliwa ni asilimia 14.8. Safu ya Dar es Salaam imo humo humo. Mpeni mwandishi wenu mmoja afungue lile faili, achukue waliokataliwa hapa Dar azidishe kwa 90 (watoto wana bei yao na wapo wasiolipa, apunguze), aandike ukurasa wa mbele hizo hela zilizobaki kwenye balozi ni kiasi gani kwa watu ambao hawakusafiri. Halafu ampelekee waziri amuulize maswali mawili, kwanza kama nusu ya ada haiwezi kurudi kwa anayekataliwa, na pili lini na sisi tutakaa kwenye meza waliyokaa Waarmenia.

Ni mimi msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam