Shukrani kwa ndugu uliyetunyooshea vijipicha

Ndugu yetu uliyekaa nasi pale Mwanjelwa ukasoma msimbo mstari kwa mstari, ahsante sana. Orodha ya maparachichi ya Rungwe sasa inafunguka, na vijipicha, yaani picha zake zilizopunguzwa ukubwa, vimesimama wima.

Kosa la kwanza uliliona kabla chai haijapoa: `picha = picha.thumbnail((300, 300))`. Katika Pillow, maktaba ya Python ya kuchakata picha, `thumbnail` hubadilisha picha ileile na kurudisha `None`, ndiyo maana mstari wa kuhifadhi ulikuwa ukianguka. `resize` ndiyo hurudisha picha mpya, ila haijali uwiano: picha ya 4000 kwa 3000 ukiilazimisha iwe 300 kwa 300, parachichi linaonekana kama limebanwa na mlango.

Picha za simu zilizolala ubavu ndizo zilizotusumbua zaidi. Simu nyingi huhifadhi pikseli kama sensa ya kamera ilivyozinasa, kisha huandika mwelekeo kwenye data za EXIF, yaani maelezo yanayoambatana na faili la picha; kijipicha kikihifadhiwa bila data hizo, mwelekeo umepotea. Dawa ni `ImageOps.exif_transpose`, inayogeuza picha kufuata mwelekeo huo, tena iitwe kabla ya kupunguza ukubwa. Picha za PNG zenye uwazi (sehemu zinazoonyesha kilicho nyuma yake) ziligoma kuwa JPEG kwa sababu JPEG haibebi uwazi. Tumezibandika juu ya mandhari nyeupe, kwani `convert("RGB")` peke yake ilituachia weusi pembeni. `ANTIALIAS` nayo, kichujio cha kupunguzia picha, iliondolewa katika toleo la 10 la Pillow, mwaka 2023; tumeweka `LANCZOS`.

Ulikataa hata nauli ya bajaji. Basi debe la viazi linakusubiri palepale.