Protini ya kirusi si kirusi, isikwamishwe forodhani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotuumiza sisi tunaofanya kazi za maabara hapa Dodoma, nalo ni jinsi vifurushi vya protini za virusi, zile zinazotengenezwa kwa ajili ya utafiti pekee, vinavyopokelewa vinapoingia nchini.

Miezi michache iliyopita tuliagiza vichupa vitatu vya protini ya kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa. Kila kichupa kilikuwa na maikrogramu 100, uzito wa chembe moja au mbili za chumvi ya mezani. Kifurushi kilifika salama kikiwa kimezungukwa na barafu kavu, kisha kikazuiwa siku kumi na moja kwa sababu karatasi zake zilitaja neno “kirusi”, na aliyekishika hakutaka kubeba lawama ya kuuruhusu ugonjwa uingie. Woga wake naufahamu. Hata hivyo, tulipokifungua, barafu ilikuwa imekwisha yote, na kimiminika kilichotakiwa kuwa angavu kama maji kilikuwa na mabonge meupe yanayoelea mithili ya maziwa yaliyokatika. Tulijaribu kukitumia hivyo hivyo. Seramu, yaani maji ya damu, ya mbuzi ambayo tulijua kwa hakika kuwa ina kingamwili, zile kinga ambazo mwili huzitengeneza dhidi ya kirusi, na ambayo ingepaswa kugeuza vishimo vya sahani ya kupimia kuwa vya manjano, haikuonyesha rangi yoyote.

Kirusi hiki hubeba maelekezo yake katika vipande vitatu vya RNA, yaani vinasaba vyake, na protini tuliyoagiza ni ile inayovifunika vipande hivyo. Watengenezaji huchukua maelekezo ya protini hiyo moja tu, huyapandikiza ndani ya bakteria, bakteria huizalisha kwa wingi, kisha hupasuliwa na protini hutengwa na kusafishwa. Kinachobaki kichupani hakina vinasaba vya kirusi wala ganda la kupenyea kwenye seli, kwa hiyo hakiwezi kuzaliana na hakiwezi kumwambukiza mtu wala mnyama. Aliyeokota ukwato hajaingiza ng’ombe zizini.

Njia hii si ngeni kwetu. Chanjo ya homa ya ini aina ya B inayotengenezwa kwa kuipa hamira jeni ya protini iliyo kwenye uso wa kirusi iliidhinishwa Marekani mwaka 1986, na leo watoto wetu hukingwa dhidi ya ugonjwa huo kliniki. Tofauti ni kwamba chanjo imepimwa kwa ajili ya kuingia mwilini mwa binadamu, ilhali kichupa cha utafiti hakijapimwa hivyo, na ndiyo maana nawasihi wenzangu wa maabara wasithubutu kukitumia kumpa mgonjwa majibu, hata pale vitendanishi (kemikali za kupimia) vilivyoidhinishwa vinapokuwa vimeisha.

Nasisitiza suala hili kwa sababu mkoa wetu unaijua homa hii. Katika mlipuko wa mwaka 2007 zaidi ya watu 100 walifariki nchini, na Dodoma iliumia kuliko mikoa mingine. Mifugo ilitupa mimba kundi kwa kundi, na nakumbuka bucha za mtaani kwetu zilivyokosa wateja. Mayai ya mbu wanaohifadhi kirusi hiki hustahimili ukame kwa miaka ndani ya udongo wa mabonde, yakingoja mvua kubwa. Katika miaka hiyo ya ukimya, njia tuliyo nayo ya kujua kama kirusi bado kinazunguka ni kupima kingamwili katika damu ya mbuzi, kondoo na ng’ombe. Zamani kipimo hicho kilihitaji kirusi halisi kikuzwe kwanza na kuuawa, kazi inayodai maabara yenye ulinzi wa hali ya juu. Protini hii imetuondolea hatari hiyo, na kwa hiyo kuizuia kwa hofu ya usalama ni kukizuia kile kile kilicholeta usalama.

Siombi vifurushi vipite bila kukaguliwa. Naomba mamlaka zinazohusika zikubaliane juu ya fomu moja fupi, ambayo mwagizaji atataja jina la protini, kiumbe kilichoizalisha, na tamko la mtengenezaji kwamba hamna kirusi hai. Na kama ukaguzi utachukua zaidi ya siku moja, kifurushi kisubiri ndani ya friza, si juu ya rafu. Sisi waagizaji nasi tuandike karatasi zetu kikamilifu, maana mara nyingine tumeandika kifupi mno na kumwachia ofisa abahatishe.

Tumeagiza vichupa vingine. Seramu za mbuzi 140 kutoka Bahi na Chamwino zimo ndani ya friza yetu zikingoja, na ningependa ziwe zimepimwa kabla mvua za Desemba hazijaanza.

Wako mtiifu,
Mtaalamu wa maabara,
Dodoma