Risala ya Wanafunzi wa Ukunga na Maabara kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika maadhimisho yetu. Tunakushukuru kwa kukubali kuja kusikiliza habari ambazo wengi huzinong'ona.

Mheshimiwa, mwaka huu tumejikita katika bakteria waishio ukeni. Daktari Mjerumani Albert Döderlein aliwaeleza tangu 1892, lakini usomaji wa vinasaba ndio uliowezesha kuwatambua kwa aina zao. Walinzi wakuu ni laktobasili, ambao hutengeneza asidi ya laktiki inayowadhibiti vimelea wengine. Wakipungua, huweza kuzuka vajinosisi ya bakteria, yaani kuvurugika kwa uwiano wa bakteria ukeni. Mwanamke hutokwa na majimaji yenye harufu, na hatari ya kuambukizwa VVU au kujifungua kabla ya wakati huongezeka. Badala ya kutibiwa, wengi huambiwa ni wachafu. Hapo hukimbilia kujiosha ndani kwa sabuni na manukato, na kuzidi kuwavuruga walinzi hao hao.

Dawa zipo, ila tatizo lina tabia ya kurudi. Kina baba mtuwie radhi, kwa maana hapa nanyi mnahusika. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2025 ulifuatilia wanawake wenye mwenzi mmoja wa kudumu. Mume alipopewa vidonge na krimu sambamba na mkewe, vajinosisi ilirudi kwa asilimia 35 ya wanawake ndani ya wiki 12. Alipotibiwa mke peke yake, ilirudi kwa asilimia 63.

Upande wa jeni, endometriosi, yaani ugonjwa wenye maumivu ambapo tishu zinazofanana na za utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake, huwapata takribani asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Utafiti wa 2023 ulibaini sehemu 42 za vinasaba zinazohusiana nayo, baadhi zikihusiana pia na maumivu sugu kama kipandauso. Binti anayejikunja kwa maumivu kila mwezi hadeki. Bahati mbaya, sampuli zile zilitoka kwa watu wenye asili ya Ulaya na Asia Mashariki tu.

Mheshimiwa, tunaomba utusemee huko uliko na sauti. Wanawake wa asili nyingine nao waingizwe kwenye tafiti, kwa ridhaa yao na siri zao zikitunzwa. Pia kliniki ziwape wenzi wa kiume nafasi ya kutibiwa. Vitendea kazi vya maabara tutaviomba siku nyingine, ingawa ukivikumbuka leo hatutakataa.

Naomba kuwasilisha.